Uzi: Sampu ya tangi la matumbawe pale umeme unapokatika usiku wa manane

MwambaNtinda (mwanzisha uzi, Kampala)

Habari zenu ndugu zangu. Wengi wetu humu tunafuga samaki wa maji baridi, na hilo si ajabu kwa watu wanaoishi kando ya ziwa, lakini kila ninapotaja tangi langu la maji ya chumvi hupokea maswali yale yale kuhusu sampu: iwe na ukubwa gani, igawanywe vyumba vingapi, na maji yanashukaje kutoka juu bila kumwagika. Nimeona heri nieleze yote mahali pamoja, likiwemo kosa lililonigharimu, kwa sababu maelezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Watu hao huipima sampu kwa namna inavyofanya kazi pampu ikiwa inazunguka, nasi huku inatubidi tuipime kwanza kwa namna inavyokuwa pampu ikisimama ghafla.

Kwa asiyeijua, sampu ni tangi la pili linalofichwa ndani ya kabati, chini ya tangi la maonyesho. Maji hufurika juu ya kizingiti chenye meno kilicho katika tangi la juu, yakaingia katika kisanduku cha pembeni, yakateremka kwa bomba kwa uzito wake yenyewe, yakapita kwenye vichujio, kisha pampu ikayarudisha juu. Hita, skima na vyombo vingine vyote hukaa chini visionekane, utando wa mafuta unaojikusanya juu ya maji huvutwa na kushuka nao, na kina cha maji katika tangi la maonyesho hakibadiliki hata kama mvuke umepunguza lita kadhaa. Kumbukeni hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Tangi langu la juu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50 kwa vipimo vya ndani, yaani lita 300 likijaa pomoni. Sampu ina urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 40, nayo imegawanywa vyumba vitatu kwa vioo vilivyogandishwa kwa silikoni ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu.

Chumba cha kwanza hupokea maji machafu kupitia soksi ya kuchujia yenye matundu ya maikroni 200. Soksi hiyo hunasa mabaki ya chakula na kinyesi, na lazima ibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne, kwa sababu uchafu ulionaswa bila kutolewa unaendelea kuoza humo humo ndani ya mfumo. Ndani ya chumba hicho hicho imesimama skima, chombo ambacho wafugaji wa maji baridi hawana, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi hayashiki viputo vidogo vizuri. Skima husaga hewa na maji mpaka viputo viwe kama maziwa. Protini na mabaki mengine ya viumbe, ambayo upande wao mmoja hupenda maji na mwingine huyakimbia, hung'ang'ania kwenye uso wa viputo, hupanda pamoja na povu na kumwagikia kikombe cha juu. Kikombe changu huwa na kimiminika cha rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa mezani siku tatu, na harufu yake humkumbusha mtu wa pwani matope ya mikoko maji yakiwa yametoka.

Skima ni chombo chenye madaha: hutaka kina kile kile cha maji wakati wote. Yangu inataka sentimita 20, na kwa kuwa kioo kinachotenga chumba hicho kina kimo cha 23, nimeiinua juu ya kibao cha plastiki cha sentimita 3. Maji yakizidi, hutapika maji matupu kikombeni, na yakipungua, povu halifiki juu.

Chumba cha pili ni cha mwani. Ninakuza Chaetomorpha, ule unaofanana na uzi wa kijani uliovurugika, unaokula naitreti na fosfeti ambazo vinginevyo zingelisha mwani mbaya juu ya mawe. Taa yake huwaka usiku, taa za juu zikiwa zimezimwa. Mchana viumbe vya tangi la juu hutumia kabonidayoksaidi, na usiku huitoa, hivyo pH hushuka. Mwani unaofanya kazi usiku hupunguza mshuko huo.

Kati ya chumba cha pili na cha tatu kuna vioo vitatu vya kuzuia viputo, vilivyoachana kwa sentimita 3: cha kwanza kimeanzia sakafuni, cha pili kimening'inia sentimita 3 juu ya sakafu, cha tatu kimeanzia sakafuni tena, hivi kwamba maji hupanda, hushuka na kupanda, nayo hewa hupata nafasi ya kutoroka. Chumba cha tatu ni cha pampu. Kina urefu wa sentimita 25, na maji yake husimama kwenye sentimita 20, yaani lita 20 tu. Udogo huo ni wa makusudi, kama mtakavyoona.

Sasa kosa lenyewe. Midomo ya mabomba ya kurudisha maji niliielekeza sentimita 15 chini ya uso wa maji, kwa sababu niliona mkondo unapendeza ukipita katikati ya mawe. Nilijua kwamba pampu ikizimwa, bomba hilo hugeuka saifoni na kuyavuta maji kurudi chini mpaka mdomo wake uachwe wazi, kwa hiyo nilitoboa tundu la milimita 4 karibu na uso wa maji ili livute hewa na kuikata saifoni mapema. Juu ya hayo niliweka vali isiyoruhusu maji kurudi. Nikalala usingizi wa mwenye kinga mbili.

Umeme ulikatika mnamo saa nane usiku, mvua ikinyesha. Kilichoniamsha ni ukimya, maana mfugaji huzoea sauti ya pampu kama mtu wa pwani anavyozoea mawimbi. Baada ya ukimya nikasikia maji yakidondoka kwenye vigae. Tundu langu la milimita 4 lilikuwa limezibwa kabisa na mwani wa chokaa, ule wa rangi ya zambarau tunaofurahi kuuona juu ya mawe, na ndani ya vali kipande cha gamba la konokono kilikuwa kimeuzuia ulimi usifunge. Hesabu ni rahisi na inauma: sentimita 120 mara 50 mara 15 ni lita 90, ukiongeza lita 6 hivi zilizokuwa kwenye mabomba na kisanduku unapata 96. Nafasi tupu katika sampu ilikuwa sentimita 17 mara 90 mara 40, yaani lita 61. Lita 35 za maji ya chumvi zilitafuta njia zake mwenyewe, na ninaishi ghorofa ya pili. Mama wa chini alinigongea kabla sijamaliza kupiga deki, naye alikuwa na haki. Ekstensheni ilikuwa imelala sakafuni mwa kabati, nami nilikuwa miguu mitupu; laiti umeme ungerudi dakika ile, nisingekuwa ninaandika.

Sampu niliyoijenga upya haitegemei tundu wala vali. Midomo ya kurudisha sasa iko sentimita 2 chini ya uso wa maji. Umeme ukikatika, lita 12 hushuka kutoka tangini na 6 kutoka mabombani. Lita 18 zikigawanywa kwa eneo la sampu hupandisha maji sentimita 5, kutoka 23 hadi 28, na kimo chake ni 40. Vali nimeitoa kabisa, kwa sababu ilikuwa inanipa imani ambayo haikustahili. Ekstensheni nimeifunga juu ukutani, na kila waya huning'inia chini ya soketi yake kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke hapo badala ya kuingia kwenye umeme.

Nilizingatia pia hatari ya upande wa pili: bomba la kushusha likiziba, pampu itaendelea kusukuma maji juu mpaka ikose. Chumba cha pampu kina lita 20, na juu ya maji ya tangi la maonyesho nimeacha sentimita 4 tupu, ambazo ni lita 24. Pampu itanyonya hewa kabla tangi halijafurika.

Mabomba ya kushusha ni mawili, kwa mtindo unaoitwa Herbie. La kwanza hujaa maji tupu bila hewa, likidhibitiwa na geti vali (vali ya usukani inayofungua na kufunga kidogo kidogo), na kwa sababu halina hewa halina kelele. La pili lina mdomo ulio juu kidogo, nalo hubaki kavu likisubiri la kwanza lishindwe. Mwisho wa bomba la kwanza usizame zaidi ya sentimita 2 au 3 ndani ya maji ya sampu, la sivyo hewa itashindwa kutoka na saifoni haitaanza umeme ukirudi. Hilo nalo nilijifunza kwa kuamka usiku.

Kuhusu pampu, msidanganywe na namba ya kwenye boksi. Yangu imeandikwa lita 3000 kwa saa, lakini hiyo ni kwa maji yasiyopandishwa popote. Niliweka jerikeni ya lita 20 kwenye mdomo wa juu na saa mkononi: ilijaa kwa sekunde 45, sawa na lita 1600 kwa saa. Kwa tangi la lita 300 hiyo ni zaidi kidogo ya mara tano kwa saa, na inanitosha. Mawimbi ya kuwatikisa matumbawe huletwa na pampu ndogo zilizo ndani ya tangi la juu, si sampu.

FundiBomba_Jinja

Kaka Mwamba, hongera kwa hesabu, na pole kwa mafuriko. Mimi ni fundi bomba kwa kazi na mfugaji kwa mapenzi, kwa hiyo niruhusu niongeze jambo ambalo umelipita haraka mno. Umeandika "geti vali" kana kwamba mtu ataingia dukani na kutoka nayo. Akiingia duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa kwetu na kuomba geti vali, atapewa ya shaba, nzito na nzuri, yenye usukani mwekundu. Kwa maji ya nyumbani hakuna bora kuliko hiyo. Kwa matumbawe ni sumu. Maji ya chumvi huila, shaba nyekundu iliyomo huyeyuka kidogo kidogo, na kiasi ambacho samaki hakisikii kinatosha kuwaua konokono, kamba na matumbawe. Mbaya zaidi, hufyonzwa na mawe na mchanga, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu.

Tafuteni geti vali ya plastiki hata kama itabidi kuagiza. Ukiikosa, vali ya PVC yenye tufe ndani itafanya kazi, ila ujue kwamba yake ni robo mzunguko tu kutoka wazi hadi kufungwa, na kuitega sawasawa kunahitaji mkono wa mshona kanzu. Geti vali huzungushwa mara nyingi, kwa hiyo hata nywele moja ya maji unaweza kuiongeza. Kagueni pia vitu vidogo: klipu za kufungia mipira, skrubu za pampu, hata nati ya tenki konekta. Nimewahi kukuta klipu ya chuma imegeuka unga mwekundu ndani ya chumba cha pampu cha mteja aliyeshangaa kwa nini konokono wake wanalala chali.

Wekeni yunioni (viungo vya kufungua kwa mkono) pande zote mbili za vali na za pampu, ili siku ya kusafisha msikate bomba. Bomba la kushusha lisilazwe hata kidogo, na badala ya elbo moja ya digrii 90 tumieni mbili za 45. Kuhusu kutoboa tangi, kwanza mhakikishe kwa aliyelitengeneza kwamba kioo cha chini si cha tempa, yaani kilichokazwa kwa joto. Kioo cha tempa hakitoboki. Ukikigusa kwa keekee hupasuka chote kwa mara moja na kuwa punje punje. Kioo cha kawaida hutobolewa kwa biti ya almasi, polepole, maji yakitiririka juu yake bila kukoma, na mkono usisukume.

Nalule_Entebbe

Nawasalimu nyote. Kaka Mwamba, nimeupenda uzi wako, lakini hesabu yako ya lita 24 imesahau ndoo moja.

Umesema kina cha tangi la juu hakibadiliki hata mvuke ukipunguza maji, na ni kweli, kwa sababu upungufu wote huonekana katika chumba cha pampu. Nadhani basi unayo swichi ya boya katika chumba hicho, ambayo maji yakishuka huwasha pampu ndogo ili ilete maji safi kutoka kwenye jerikeni. Sasa fikiria bomba la kushusha limeziba. Pampu kubwa inayapeleka maji juu, chumba kinakauka, na boya, ambalo halijui lolote kuhusu bomba, linaona upungufu. Litafungulia jerikeni. Lita 20 za chumba na lita 20 za jerikeni ni 40, nawe juu una nafasi ya 24. Lita 16 zitamwagika, na zile zitakazobaki zitakuwa zimeipunguza chumvi ya maji ya matumbawe yako kwa kiasi cha kuyadhuru.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata, si kwa bomba kuziba bali kwa konokono aliyepanda juu ya boya na kulikandamiza chini. Asubuhi chumvi ilikuwa imeshuka kutoka 35 hadi 31 kwa elfu.

Kwa wanaoanza, maji yanayotoka kama mvuke huenda peke yake na chumvi hubaki. Katika mfumo wenye lita 300 za maji halisi, zikipotea lita 4 kwa siku, chumvi itatoka 35 hadi karibu 35.5 siku ya kwanza, na siku ya tatu itakuwa imefika 36.5. Hivyo mvuke hurudishiwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba la mjini yana klorini na madini. Nayapitisha kwenye mashine ya osmosisi kinyume, inayoyasukuma maji kupita utando unaozuia madini, kisha kwenye chembe za kuondoa ayoni. Msishawishike na maji ya mvua. Wengi tunayakinga kutoka kwenye mabati, na mabati hupakwa zinki, ambayo kwa viumbe wasio na uti wa mgongo haina tofauti kubwa na hiyo shaba aliyoitaja fundi.

MwambaNtinda

Dada Nalule, umenishika. Jerikeni yangu ni ya lita 20 hasa, na hesabu yako haina pa kupingwa. Bomba la pili la dharura lipo, hivyo la kwanza likiziba maji yatapata njia, lakini nimeandika juu kwamba sitegemei kinga moja, kisha nikaitegemea. Wiki hii nitaweka swichi ya pili ya boya ndani ya tangi la juu, sentimita 1 juu ya kina cha kawaida, iliyounganishwa kwa namna ambayo maji yakiifikia, pampu kubwa na ile ndogo zote zizime. Jerikeni nitaibadilisha kwa ya lita 10, nami nitaijaza kila baada ya siku mbili. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa mchana.

Fundi, asante. Geti vali yangu ni ya plastiki. Niliisubiri wiki saba.

Byaruhanga_Mbarara

Wakuu, naomba msaada. Tangi langu ni la lita 60, halijatobolewa, na tayari lina maji, mawe na samaki wawili. Nimeona kuna kisanduku kinachoning'inizwa ukingoni, chenye bomba la umbo la U linalovuta maji kuyapeleka kwenye sampu bila kutoboa. Je, kinafaa?

FundiBomba_Jinja

Ndugu Byaruhanga, kinafaa mahali ambapo umeme haukatiki. Lile bomba la U hufanya kazi kwa saifoni, na viputo hujikusanya kileleni mwake siku baada ya siku bila wewe kuviona. Pampu ikisimama kisha ikaanza tena, saifoni inaweza kukatika, na hapo hakuna njia yoyote ya maji kushuka, ilhali pampu inapandisha. Kwa lita 60 mimi nisingeweka sampu kabisa. Ning'iniza skima ndogo ukingoni na ubadilishe lita 6 au 8 za maji kila wiki, inatosha. Sampu ni dawa ya tangi kubwa.

Byaruhanga_Mbarara

Asante ssebo. Umeniokolea fedha.

Mfugaji_Masaka

Mimi nina maswali mawili. La kwanza, je, niweke mipira ile ya plastiki yenye miiba katika sampu ili bakteria wapate makazi? La pili, kaka Mwamba hajataja betri. Umeme ukikatika saa sita mfululizo, sampu isiyomwaga maji inatusaidia nini ikiwa samaki wamekufa?

MwambaNtinda

La kwanza nitalijibu haraka. Mipira hiyo ilivuma katikati ya miaka ya 1980, pale maji yalipokuwa yakinyunyiziwa juu yake ili bakteria wapate hewa tele. Bakteria hao hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na kazi yao huishia hapo, kwa sababu hatua ya mwisho ya kuigeuza naitreti kuwa gesi ya nitrojeni hufanywa na bakteria wengine wanaoishi pasipo na oksijeni. Mpira wa plastiki hauna mahali pa namna hiyo. Jiwe lenye vinyweleo linapo, ndani yake kabisa. Kwa hiyo mawe ndiyo kichujio kikuu, na sampu ni msaidizi. Mwenye mawe ya kutosha asinunue mipira.

La pili ni zito, na kwa wanaoishi huku juu lina uzito wa ziada. Kampala iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200. Kanieneo ya hewa huku ni pungufu ya ile ya pwani kwa asilimia 13 hivi, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa uwiano huo huo. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 hushika karibu miligramu 6.8 kwa lita yakiwa Mombasa, lakini hapa Ntinda ni kama 5.9. Tunaanza tukiwa na akiba ndogo. Pampu zikisimama, uso wa maji hautikisiki, na kangaja, ambaye ni samaki wa kuogelea bila kupumzika, ndiye huanza kuhema juu ya maji.

Kosa la wengi ni kutaka betri ibebe kila kitu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Ukipitia kwenye inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, utapoteza sehemu nyingine. Pampu yangu ya kurudisha hula wati 35, kwa hiyo ningepata saa 14 hivi. Pampu ndogo ya mawimbi ya umeme wa DC hula wati 10 na inaweza kuunganishwa moja kwa moja na betri bila inveta: ni saa 60. Basi mimi huiacha sampu isimame. Samaki na matumbawe wako juu, mawe mengi yako juu, na kinachotakiwa ni uso wa maji ya juu utikisike. Nimeielekeza pampu hiyo juu kidogo ili ipasue uso.

Na hapo ndipo utaona kwa nini sampu inapaswa kujua kusimama. Ikisimama bila kumwagika, huhitaji kuilinda kwa betri kubwa.

Nalule_Entebbe

Naongeza kuhusu umeme kurudi. Sampu ikiwa imepokea zile lita 18, skima huwa imezama zaidi ya kina inachotaka. Umeme ukirudi na skima ikaanza papo hapo, hutapika kikombe kizima kwa dakika moja, na uchafu wote wa wiki hurudi majini. Mimi nimeipitisha yangu kwenye kifaa cha kuchelewesha, inaanza dakika 10 baada ya pampu kubwa, maji yakiwa yameshatulia kwenye kina chake.

Na usiku wa umeme kukatika msiwalishe samaki asubuhi yake mpaka pampu zimezunguka saa kadhaa. Chakula huongeza hitaji la oksijeni wakati ambapo haipo.

Mfugaji_Masaka

Nimeelewa, asanteni. Kaka Mwamba, ukishafunga hiyo swichi ya pili, tafadhali uijaribu kisha utueleze imekuwaje, maana sampu ya kwenye karatasi haimwagi maji kamwe.

MwambaNtinda

Nimerudi. Jumamosi nilifunga swichi, na jana Jumapili nikafanya majaribio mawili, mama wa chini akiwa ameshapewa taarifa na taulo zikiwa zimetandazwa.

La kwanza, nilizima breka kuu ya nyumba bila kugusa chochote kabatini. Nilikuwa nimebandika utepe wa karatasi kwenye kioo cha sampu na kuuchora sentimita. Maji yalianza 23, yakapita 26 ndani ya dakika moja, kisha yakaanza kupanda polepole sana, na midomo ya juu ikasikika ikikoroma iliponyonya hewa. Yalisimama kwenye 28 na nusu. Nusu hiyo ya ziada nadhani ni maji yaliyobaki kwenye meno ya kizingiti, ambayo huendelea kuchuruzika; sikuyahesabu. Nilipowasha breka, saifoni ya bomba la kwanza ilichukua dakika mbili na kelele nyingi, bomba la dharura likisaidia, kisha likanyamaza.

La pili, nilifunga geti vali kabisa na kuliziba bomba la dharura kwa kitambaa. Maji ya juu yalipanda sentimita 1, boya likanyanyuka, pampu zote mbili zikazima. Nilisubiri robo saa nikiwa nimechuchumaa mbele ya kabati na tochi. Hakuna lililomwagika.

Dada Nalule, jerikeni ilikuwa imepungua chini ya lita moja.

Jambo moja bado halijanyooka. Fremu ya chuma ya kabati, ambayo nilichomewa na fundi kule Katwe, imeanza kutoa kutu kwenye kona ya nyuma, pale chumvi iliyotambaa kutoka kwenye ukingo wa sampu inapoikalia. Nimeikwangua na kuipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Kama kuna aliyejenga kabati la mbao ngumu likabeba zaidi ya kilo 400 kwa miaka kadhaa bila kupinda, aniandikie vipimo vya mihimili hapa hapa.